Watalii wakiondoka, mawimbi huingia

Mwezi Agosti, barabara nyembamba inayoteremka genge la Arrifana, kusini magharibi mwa Ureno, hujaa magari tangu asubuhi. Ikifika Oktoba barabara ni ileile na ufuko ni uleule, ila pa kuegesha gari unajichagulia. Familia za Lisbon zimerudi shuleni na kazini, miavuli imekunjwa, na wenye mikahawa wameanza kuhesabu siku za kufunga. Kwa aliyekuja kuota jua, msimu umekwisha. Kwa aliyekuja kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ndio kwanza unaanza.

Pwani hiyo huitwa Costa Vicentina. Pamoja na pwani ya Alentejo iliyo kaskazini yake, ni hifadhi ya mazingira tangu mwaka 1995, na imeshika zaidi ya kilomita 100 za ufuko kuanzia kusini ya mji wa Sines, kuizunguka rasi ya São Vicente, hadi kijiji cha Burgau. Sheria za hifadhi zimeinusuru na maghorofa ya mahoteli yaliyoufunika upande wa kusini wa mkoa wa Algarve. Watu wa Malindi, kwa njia fulani, wanaujua mji wa Sines hata kama hawajawahi kuusikia: ndiko alikozaliwa Vasco da Gama, aliyetia nanga kwao Aprili 1498 na kuacha nguzo ambayo hadi leo watalii huipiga picha.

Mawimbi yanayoletwa na Oktoba hayazaliwi Ureno. Dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini, karibu na Newfoundland, Greenland na Iceland, huanza kuongezeka majira ya joto yanapokwisha. Upepo ukivuma siku kadhaa juu ya eneo pana la maji hujenga mawimbi, na mawimbi hayo huendelea na safari hata baada ya upepo wenyewe kubaki nyuma. Njiani hujipanga. Yakifika Ureno siku mbili tatu baadaye, huja kwa mistari iliyonyooka, kila wimbi likiwa mbali na mwenziwe. Mbele yake hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja. Hapo ndipo ilipo tofauti na kwetu: sehemu kubwa ya pwani kati ya Lamu na Mtwara, nguvu ya bahari huishia mwambani, na aliyesimama mchangani Diani au Paje huona mstari mweupe tu kule mbali. Costa Vicentina bahari hufika mlangoni bila kubisha hodi.

Kuna pia habari ya upepo. Kiangazi chote pwani hii hupigwa na upepo wa kaskazini ambao Wareno huuita nortada. Hukaza mchana na kuuvuruga uso wa bahari, kiasi kwamba wimbi zuri la alfajiri huwa fujo tupu kufikia adhuhuri. Isitoshe, huyasukuma maji ya juu kuelekea kilindini na kuyaruhusu maji baridi ya chini yapande. Ndiyo maana bahari ya Agosti, pamoja na jua lote lile, mara nyingi huwa na nyuzi joto 17 au 18 tu. Oktoba, nortada ikilegea, unaweza kukuta 18 au 19. Baridi yenyewe huja baadaye, Februari na Machi, maji yakishuka hadi 14 au 15. Mtu aliyelelewa na maji ya Zanzibar ataziona namba zote hizi kuwa za kutisha, na ana haki. Atahitaji vazi la mpira lenye unene wa milimita 4 kiwiliwilini na 3 mikononi na miguuni, na kati ya Januari na Machi aongeze viatu vya mpira.

Aende mwezi gani, basi? Anayejifunza ashike wiki za mwanzo za Oktoba. Mawimbi yameamka lakini hayajawa makali kila siku, mvua bado si nyingi, na shule za kufundisha mchezo huu hazijafunga. Aliyekomaa anaweza kusubiri Novemba na kuendelea, akubali mvua na siku fupi: saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ikifika Desemba mwanga wa jua ni kama saa tisa na nusu tu kwa siku. Januari kwa mwanafunzi naiona ni kupoteza nauli. Atakaa dirishani akitazama mawimbi ya mita 3 na 4 ambayo hana la kuyafanya.

Ureno na mawimbi vikitajwa pamoja, wengi hukumbuka Nazaré, ambako Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza wimbi lililopimwa kuwa na mita 26.21. Nazaré iko kaskazini ya Lisbon, na ina bonde kubwa chini ya bahari linalokusanya nguvu ya mawimbi na kuielekeza mahali pamoja. Costa Vicentina haina bonde la namna hiyo. Hata hivyo, wimbi lile lilikuwa la Oktoba, mwaka 2020. Mwezi ninaoupendekeza si wa mzaha.

Kwa hiyo mpango wa safari uanze na bahari, hoteli ifuate. Wengi hufanya kinyume: hulipia chumba ufuko mmoja kwa wiki nzima, kisha huomba Mungu mawimbi yawe mazuri pale pale. Faida kubwa ya kona hii ya Ureno ni kwamba inatazama pande mbili. Pale mji wa Sagres, ufuko wa Tonel unatazama magharibi, na ule wa Mareta unatazama kusini, na kati ya fukwe hizo mbili ni dakika chache kwa gari. Magharibi ikichafuka, mawimbi yanayofanikiwa kuizunguka rasi ya São Vicente hufika upande wa kusini yakiwa yamepungua ukubwa na kutulia. Siku ambayo Amado na Bordeira, karibu na kijiji cha Carrapateira, hapaingiliki, Mareta au Zavial, ufuko mwingine wa kusini, huenda pakawa mahali pa kujifunzia. Bahari ikiwa ndogo, unageuza gari kurudi magharibi. Arrifana yenyewe ina genge linaloikinga na upepo wa kaskazini, ingawa upande wenye miamba ni wa wazoefu. Mgeni abaki mchangani.

Utabiri wa bahari hutolewa bure na taasisi ya hali ya hewa ya Ureno, IPMA. Usiangalie kimo cha wimbi peke yake. Angalia pia ni sekunde ngapi zinapita kati ya wimbi na wimbi, linatoka upande gani, na upepo utavuma kutoka wapi. Wimbi la mita 2 linalofuatwa na mwenziwe baada ya sekunde 14 lina nguvu kubwa kuliko la mita 2 la sekunde 7, maana limetoka mbali na limebeba nguvu hadi chini kabisa. Anayeanza atafute wimbi lisilozidi mita 1, na upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini, unaolisimamisha wimbi badala ya kulibomoa.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, mtu wa pwani yetu hana la kufundishwa. Wakati wa bamvua tofauti hupita mita 3, kama Mombasa, na kalenda ya mwezi ni ileile. Huko bamvua huja na hatari yake: fukwe kadhaa ziko chini ya magenge, maji yakijaa mchanga hubaki kidogo, na mawe huporomoka kutoka juu. Vibao vya onyo vimewekwa. Visisomwe kama mapambo. Maji yakipwa sana utaona wanaume wakishuka majabali kwa kamba kuchuma percebes, viumbe wa baharini wanaonata kwenye miamba inayopigwa zaidi na mawimbi na wanaouzwa ghali mikahawani. Nikipewa nafasi ya kuwatazama hao au kuteleza siku moja, sijui ningechagua lipi. Jirani yao huko kwenye magenge ya rasi ya Cabo Sardão, upande wa Alentejo, ni korongo weupe, wanaojenga viota juu ya vichuguu vya mwamba vilivyozungukwa na bahari.

Sasa jambo ambalo matangazo ya safari hayapendi kulitaja. Waokoaji wa ufukweni huwekwa msimu wa kuogelea, ambao kwa sehemu kubwa ni Juni hadi Septemba. Oktoba unaweza kuingia baharini bila mtu yeyote wa kukutazama. Usiingie peke yako. Kaa mchangani kwanza nusu saa, uone wenyeji wanaingilia wapi na mkondo unavuta kuelekea wapi. Ukibebwa na mkondo unaokwenda kilindini usishindane nao. Shikilia ubao, piga mikono kwa kukata upande hadi utoke, ndipo urudi. Namba ya dharura ni 112. Na kwa siku mbili tatu za kwanza lipia mwalimu, hata kama unajua kuogelea tangu utotoni. Kuogelea ni jambo moja, kusoma mawimbi ya Atlantiki ni jingine.

Ubao na vazi la mpira kodi huko huko, kwa sababu mashirika ya ndege hutoza ziada na kisha huuvunja. Gari ni lazima. Mabasi kutoka Lisbon yanafika Vila Nova de Milfontes, Odeceixe na Aljezur, lakini msimu ukiisha hupungua, na hayatakungoja utafute upepo. Kutoka uwanja wa ndege wa Faro hadi Sagres ni kama kilomita 120. Kutoka Lisbon hadi Aljezur kama 250. Wareno huendesha kulia, tofauti na Kenya na Tanzania. Kulala ndani ya gari ufukweni ni marufuku katika hifadhi na faini zipo. Vyumba si tatizo, bei hushuka. Tatizo ni chakula, kwani Novemba vijiji vingine hubaki na mkahawa mmoja, kwa hiyo chukua nyumba yenye jiko. Aljezur ni mji wa viazi vitamu, na huvifanyia tamasha Novemba. Siku bahari ikikataa, panda Ponta da Atalaia, juu ya Arrifana, ukaone magofu ya ribati, yaani ngome ya ibada, ya karne ya 12 inayohusishwa na kiongozi wa Kisufi Ibn Qasi, pamoja na misikiti midogo ambayo vibla vyake bado vinatambulika.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi London. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000; hakikisha imetaja mchezo wa mawimbini, maana bima nyingi huuacha nje. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Nafasi za miadi huisha haraka kuliko vyumba vya Sagres, kwa hiyo anayeitaka Oktoba aanze na viza mwezi Mei, na tiketi aikate baadaye.