Walipokosa Mlango, Walijijengea Nyumba

Chama chochote huzaliwa na haja. Wakulima huanzisha chama cha ushirika kwa sababu mkulima mmoja peke yake hana nguvu mbele ya mnunuzi. Makarani nao huungana ili maneno yao yapate kusikilizwa na wakubwa wa kazi. Hapa twapenda kuwaeleza wasomaji habari za chama kilichozaliwa na haja nyingine: haja ya wanawake waliokwisha kupata shahada za chuo kikuu, lakini wakakosa pa kuketi na wenzao. Chama hicho kilianzishwa mwaka wa 1910 mjini Washington, makao makuu ya Serikali ya Marekani, na waanzilishi wake walikuwa wanawake weusi.

Mwanzo wa mambo

Ili tuielewe habari hii, yatupasa kwanza kurudi nyuma. Mwezi wa Novemba 1881, wanawake 17 wenye shahada walikutana mjini Boston, wakiongozwa na Marion Talbot na Ellen Swallow Richards, wakaazimia kuunda chama chao. Siku zile mwanamke mwenye shahada alitazamwa kama kitu cha ajabu. Daktari mmoja mashuhuri wa mji huo, Edward Clarke, alikuwa ametoa kitabu mwaka wa 1873 akidai kwamba msichana anayesoma sana hudhoofika mwili, na hata uwezo wake wa kuzaa huharibika. Wazazi wengi waliingiwa na hofu.

Wanawake wale hawakumjibu daktari kwa matusi. Waliwaandikia wenzao waliohitimu vyuo, wakawauliza maswali juu ya afya zao. Wanawake 705 walijibu, na taarifa yao ilipochapishwa mwaka wa 1885 ilionyesha wazi kwamba walio wengi walikuwa na afya njema. Hivyo dai lile lilijibiwa kwa hesabu.

Chama hicho, ambacho mwaka wa 1921 kiliungana na kingine na kuitwa Chama cha Wanawake wa Vyuo Vikuu cha Marekani, kilikuwa na sharti moja kubwa: mwanachama awe na shahada ya chuo kilichotambuliwa. Sharti hilo halikutaja rangi. Lakini vyuo vilivyojengwa kwa ajili ya watu weusi havikuwamo katika orodha yake ya kwanza. Basi msichana mweusi aliyesoma katika vyuo hivyo, hata awe hodari namna gani, alibaki nje.

Binti wa waliokuwa watumwa

Miongoni mwa wanawake wa Washington alikuwako Bibi Mary Church Terrell. Alizaliwa mwaka wa 1863 katika mji wa Memphis, na wazazi wake wote wawili walikuwa wamepata kuwa watumwa. Baba yake alifanikiwa sana katika biashara, akampeleka binti yake shuleni. Katika Chuo cha Oberlin Mary alichagua masomo ya miaka minne yaliyohesabiwa kuwa ya wanaume, pamoja na lugha za Kiyunani na Kilatini, akapata shahada yake mwaka wa 1884. Baadaye alikwenda Ulaya kuongeza elimu. Mwaka wa 1904, katika mkutano mkuu wa wanawake uliofanyika Berlin, alihutubia kwa Kijerumani.

Ni mwanamke huyu ambaye mwaka wa 1910, pamoja na wenzake, alianzisha Chama cha Wanawake Waliohitimu Vyuo mjini Washington. Walikutana kusoma na kujadiliana, nao walijitwika kazi ya kuwahimiza wasichana wa shule wasikate masomo njiani, bali waendelee mpaka chuo kikuu.

Mwaka wa 1923 chama hicho cha mji mmoja kilizaa chama cha nchi nzima, na rais wake wa kwanza akawa Bibi Lucy Diggs Slowe, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Howard. Bibi huyu alikuwa pia mchezaji hodari wa tenisi, aliyenyakua ubingwa wa taifa wa chama cha tenisi cha watu weusi mwaka wa 1917. Alisisitiza kwamba vyuo vya watu weusi viwape wasichana mabweni yanayofaa, na viwawekee wasimamizi wenye elimu ya kutosha, wala si walinzi wa kufunga milango usiku tu. Alijua kwamba chuo hakiwezi kuheshimiwa na watu wa nje kama hakiwaheshimu wanafunzi wake wenyewe.

Mlango wa Washington

Mwaka wa 1946, Bibi Terrell aliomba kurudi katika tawi la Washington la kile chama kikubwa, ambacho alipata kuwa mwanachama wake miaka ya nyuma. Umri wake sasa ulikuwa zaidi ya miaka 80. Shahada yake ilitoka Oberlin, chuo kilichokuwamo katika orodha tangu mwanzo. Hata hivyo tawi lilimkataa, na sababu ilikuwa rangi yake.

Viongozi wa chama cha nchi nzima walisema kwamba shahada ndiyo sharti la pekee, na kwamba tawi halina ruhusa ya kuongeza lingine. Tawi likaenda mahakamani, nayo mahakama ikalipa haki, kwa kuwa katiba ya chama kama ilivyoandikwa haikulinyima tawi uhuru wa kuchagua wanachama wake. Wasomaji walio makarani watafahamu vema uzito wa jambo hili: desturi njema isiyoandikwa haina nguvu mbele ya hakimu.

Basi dawa ilikuwa kuiandika. Katika mkutano mkuu wa mwezi wa Juni 1949 mjini Seattle, wajumbe walibadilisha katiba ili kila mwanamke mwenye shahada inayotakiwa apokelewe pasipo kuulizwa rangi wala dini. Waliokubali walikuwa 2,168, na waliokataa 65. Wanachama wengi wa tawi la zamani walijitenga wakaunda klabu yao, na tawi jipya la Washington likampokea Bibi Terrell.

Wala hakupumzika. Mwaka wa 1950 aliingia na wenzake katika mkahawa wa Thompson mjini humo, wakanyimwa chakula, nao wakashitaki. Mwezi wa Juni 1953 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za zamani za mji huo, zilizokataza ubaguzi wa namna hiyo, zilikuwa bado zina nguvu. Mama huyu alifariki dunia mwezi wa Julai 1954.

Funzo kwetu

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wanawake hawa wangeweza kuketi miaka 39, toka 1910 hadi 1949, wakingoja mlango ufunguliwe. Badala yake walijijengea nyumba yao, wakasomesha mabinti, wakainua vyuo vyao. Na mlango ulipofunguliwa, walikuwako wengi waliostahili kupita.

Lakini tukumbuke pia kwamba hapangekuwa na chama, wala kesi, wala kura ya Seattle, kama baba mmoja wa Memphis, aliyezaliwa utumwani, angaliona kwamba masomo ya binti ni hasara. Mzazi anayehesabu fedha za mavuno yake na kujiuliza ni mtoto gani atakayelipiwa karo, na alitafakari jambo hilo kabla ya kumwambia binti yake abaki nyumbani.