Mvua ikipiga mabati

Hapa Kiwanja mvua ikianza kupiga mabati wengi wetu tunafurahi, ndoo zinajaa bila kupanga mstari kwenye bomba. Lakini mama mmoja wa kikundi chetu anajua kwamba dakika hiyo mtoto wake wa miaka 6 ataingia chini ya kitanda, ataziba masikio na kulia hadi sauti ikauke. Majirani walisema ni pepo. Wengine walisema ni kichwa kigumu, fimbo itamaliza. Alimpiga, anakiri mwenyewe. Kilio kiliongezeka.

Mtoto huyo ana usonji, ule ambao waganga wa hospitali wanaita otisimu. Leo tunaongea tu juu ya masikio, ngozi na ulimi wa watoto hao, maana ndipo fimbo nyingi zinapoanzia.

Mwaka 1943 muganga Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na tayari aliona kwamba makelele yaliwatisha. Ila ni mwaka 2013 tu ndipo kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kilipoweka jambo hili kati ya alama za usonji. Basi tusiwalaumu bibi zetu.

Sisi tukiwa sokoni, honi za pikipiki, muziki na wauzaji vyote vinapiga kelele, lakini tunamsikia yule tunayepatana naye bei. Ubongo unachuja. Kwa mtoto huyu kila sauti inaweza kuingia kwa nguvu ileile. Mshono wa shati unamwasha kama upupu. Sombe inamtapisha kwa jinsi inavyokaa mdomoni. Hadharau chakula chako.

Kuna upande mwingine, nao unatuogopesha zaidi. Watoto wengine wenye usonji hawasikii sana maumivu, baridi wala moto. Anagusa mbabula na halii. Sisi ambao tumekimbia vita mara nyingi, tukumbuke hili: mkifika mahali pa usalama, mvue nguo, tazama nyayo, mgongo, kichwa. Kimya chake hakionyeshi kwamba hajaumia.

Yule mama amejifunza polepole. Mawingu yakikusanyika anamwambia mtoto mapema, anamvalisha kofia nzito ya sufu inayofunika masikio, anamfunga kitenge kwa kukaza. Kukazwa huko kunawatuliza baadhi yao. Temple Grandin, mwanamke wa Marekani mwenye usonji aliyekuja kuwa profesa wa mambo ya mifugo, alipokuwa kijana alijitengenezea mashine ya mbao ya kumbana mwili, kwa kuwa kukumbatiwa na watu kulimzidi. Wengine hawataki kuguswa hata kidogo. Mtoto wako ndiye atakuonyesha. Sokoni mama huyo anaenda naye asubuhi sana, kabla watu hawajajaa.

Na tafadhali, mtoto asiyeitika akiitwa apelekwe kwanza kituo cha afya wamtazame masikio. Huenda ni usaha tu, au hasikii kabisa. Msimtie mafuta ya moto.

Juma lililopita mvua ilinyesha saa nzima. Mtoto aliingia chini ya kitanda kama kawaida, na kofia yake. Kabla haijakatika alitoka, akaomba ndizi.