Objektifu mbili, bei moja: mwanga zaidi ao mkono usiotetemeka?



Mwanzoni mwa mwezi wa sita mdogo wetu mmoja, finalisti katika uchumi hapa Butembo, aliniandikia saa tano za usiku: "Yaya, niko na dola 550 mkononi. Kuna objektifu mbili za okazyo, zote mbili 70-200, bei karibu sawa. Nichukue ipi? Mwenye kuuza anataka jibu kesho." Nilimjibu kwanza asinunue kitu kesho. Halafu nikaona kwamba swali hili si lake peke yake. Wengi kati yetu tunapiga picha za kolasyo na za ndoa ili kutafuta minervali, na wote tunafika pale pale: kamera iko, ile objektifu ndogo ya 18-55 iliyokuja nayo imefika mwisho wa nguvu zake, na pesa inatosha kitu kimoja tu.

Pesa yake yenyewe ilikuwa ya likelemba. Watu 11, kila mtu dola 50 kwa mwezi. Zamu yake ilifika mwezi wa pili, maana yake alikuwa bado na miezi 9 ya kulipa, na minervali ya mwisho inamngoja kabla ya kutetea memwari. Akikosea objektifu, deni litabaki pale pale.

Mimi nilikosea, miaka kadhaa iliyopita. Nilinunua zumu iliyofika 300 juu ya zile namba tu, niliona 300 ni kubwa kuliko 200, basi ni bora. Ndoa ya kwanza niliyoenda nayo ilikuwa ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, mvua inanyesha inje. Nilisimama nyuma kabisa kwa heshima, nikavuta mpaka mwisho, nikapiga pete, nikapiga machozi ya mama. Nyumbani nikafungua kompyuta: picha zote za pete zimetetemeka. Nilirudisha nusu ya pesa, na yule bibi-harusi mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa ufupi. Objektifu haikuwa na kosa. Mimi njo sikujua kusoma namba ya pili, ile inayofuata herufi f.

Turudi kwa zile mbili. Zote ni Canon, zote zinaingia kwenye kamera yake, EOS 700D. Ya kwanza ni EF 70-200mm f/2.8L USM, iliyotoka mwaka 1995. Ya pili ni EF 70-200mm f/4L IS USM, ya mwaka 2006. Ya kwanza inafungua zaidi, lakini haina stabilizasyo. Ya pili inafungua kidogo, lakini ndani yake kuna kioo kinachosogea ili kupinga mtetemo wa mikono yako. Zile herufi IS zinamaanisha hivyo. Ipo pia iliyo na vyote viwili, f/2.8 na IS, lakini bei yake ilikuwa mbali na likelemba ya ule kijana, tuiache.

Ile namba ya f unaipata hivi: chukua urefu wa objektifu, gawanya kwa upana wa tundu linaloingiza mwanga. Kwa 200, f/2.8 inataka tundu la milimita 71 hivi. F/4 inataka 50. Eneo la tundu la kwanza ni mara mbili ya lile la pili, kwa hiyo mwanga unaoingia ni mara mbili. Njo maana pia uzito unaruka: ile ya f/2.8 ni gramu 1310, ile ya f/4 ni gramu 760. Wanaopanda moto na begi mgongoni kwenye barabara zetu wanaelewa tofauti hiyo bila hesabu.

Basi mtu atasema: mwanga mara mbili, bei ileile, kuna nini ya kufikiri? Ni hapo vijana wengi wanaanguka, na mimi ningeanguka pia.

Ukishika objektifu ndefu, kila mtetemo wa mkono unakuzwa pamoja na picha. Wapiga picha wako na kanuni ya zamani: kasi isiwe chini ya moja juu ya urefu. Kwa 200, angalao 1/200 ya sekunde. Lakini 700D iko na sensa ndogo, inayokata picha mara 1.6, kwa hiyo 200 yako inaona kama 320, na kasi yako ya usalama ni 1/320. Sasa weka hesabu ndani ya ukumbi. Rekta anasoma hotuba, ampuli mbili tatu juu yake. Kwa f/2.8 bila stabilizasyo, tuseme kamera inataka 1/320 na ISO 3200. Chukua f/4 yenye IS: umepoteza nusu ya mwanga, ndiyo, lakini mkono wako sasa unaruhusiwa kushuka mpaka 1/80, na 1/80 inaingiza mwanga mara nne ya 1/320. Jumla: ISO 1600. Ile objektifu iliyoonekana dhaifu njo inatoa picha safi zaidi, kwa sababu Rekta hakimbii. Akipunga mkono, mkono utafifia kidogo. Piga picha tatu nne, moja itakuwa nzuri.

Canon wenyewe waliihesabia IS ile hatua 4, na mimi nimetumia mbili tu katika mfano wangu, juu mtu anayesoma hotuba si sanamu.

Kuna jambo lingine hapa kwetu ambalo video za watu wa Ulaya hazilizungumzi sana. Umeme wa hertz 50, ao gurupu inayonguruma nyuma ya ukumbi, unafanya ampuli nyingi za bei ndogo kuwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera kwa 1/320 inaona, na inakuletea mistari ya giza ao nyuso zenye rangi ya njano picha moja, kijani picha nyingine. Ukishuka kwa 1/100 ao chini, mara nyingi tatizo linaisha. Lakini kushuka kule na 200 mkononi, bila stabilizasyo, inataka mikono ya daktari wa upasuaji.

Sasa geuza sahani. Misa ya shukrani imeisha, watu wako kwenye sale, muziki unapanda, bibi-harusi anaingia akicheza na marafiki zake. Hapa stabilizasyo haisaidii kitu. Inatuliza mkono wako, haitulizi miguu ya watu. Unataka 1/500. Katika mwanga uleule, f/2.8 itakuomba ISO 5000 hivi. F/4 itakuomba karibu 10000, na 700D, kamera ya 2013, pale picha inakuwa mchanga mtupu. Mpira wa jioni, tamasha la kwaya, michezo ya kuigiza, ukumbi wa masumbwi: kama mkate wako unatoka huko, chukua f/2.8, usisumbuke na mengine. Pia ile objektifu inafuta vizuri zaidi vitu vya nyuma, vile viti vya plastiki na waya za spika ambazo hakuna anayetaka kuziona kwenye albamu. Na kile kituo cha katikati cha otofokasi ya 700D kinafanya kazi kwa usahihi zaidi kikipata objektifu ya f/2.8. Sitaki mtu aseme nimeidharau.

Kwa hiyo swali la kumwuliza ule kijana lilikuwa hili: wanaokulipa, wanatembea ao wamesimama?

Hakujua. Alifikiri anajua, akasema "ndoa, yaya, watu wanacheza sana." Nilimwambia afungue picha zake za zamani, si zote, zile tu ambazo wateja walichagua kuchapisha. Kila picha inabeba ndani yake habari zake: kasi, f, ISO, urefu. Ukibofya kwenye kompyuta sehemu ya maelezo ya faili utaziona. Alikaa Jumapili nzima na daftari. Picha zilizochapishwa zilikuwa 214. Katika hizo, 163 ni watu waliosimama ao kuketi: kiapo, pete, mama na baba, mtu na diploma yake anapeana mkono na profesa, familia kwenye ngazi. Dansi: 38. Zingine 13 ni watu wanaotembea kuingia. Alicheka mwenyewe. Picha za dansi alikuwa anapiga mamia kila mara, lakini watu hawakuzilipa.

Hilo zoezi ni la bure, na mimi naliona lina faida kuliko masaa kumi ya kusoma mabishano ya wataalamu. Wewe unaweza kukuta kinyume. Mimi binafsi nina ile f/2.8, kwa sababu napiga mpira wa mitaa na ninatumia mguu mmoja wa kuegemeza kamera. Picha zangu zilisema hivyo. Na siku utakapopata kamera ambayo yenyewe ina stabilizasyo ndani ya mwili wake, kama EOS R6 ya 2020, kwa adapta yake ile f/2.8 ya zamani inapata utulivu ambao haikuzaliwa nao. Lakini R6 ni likelemba ya watu wengine.

Mambo mawili mengine yalimsogeza. Kwanza, hali ya hewa yetu. Mvua ya Butembo haipigi hodi. Ile f/4L IS iko na mipira ya kuzuia maji na vumbi kwenye maungio, na ukiiongezea filta mbele, ya milimita 67, inakuwa imefungwa vizuri. Ile ya 1995 haina ulinzi huo. Na mnajua kolasyo yetu: jina linaitwa tu, shangazi wanarusha pudra kichwani, shingoni, hewani, kila mahali. Pudra ni adui mkubwa kuliko vumbi la barabara, ni laini na inaingia kwenye kila ufa. Jambo jema ni kwamba objektifu zote mbili hazirefuki ukizungusha zumu, kwa hiyo hazivuti hewa ndani kama pampu.

Pili, umri. Objektifu iliyoanza kutengenezwa 1995 inaweza kupiga kazi miaka mingi bado, lakini mota yake ikikufa, vipuri vinazidi kuwa adimu, na hapa tutaambiwa tuipeleke Kampala.

Onyo moja kwa wenye sensa ndogo: 70 kwenye kamera zile inaona kama 112. Ndani ya nyumba, picha ya familia ya watu 12 haitaingia, hata ukiegemea ukuta. Usiuze ile 18-55 ili kufikisha pesa. Na kama bado hujaanza kulipwa, acha zote mbili. Tafuta EF-S 55-250mm IS STM, gramu 375, mchana inatoa picha nzuri sana na bei yake ni ndogo.

Siku ya kununua tulienda wawili, kwenye mwanga, si usiku. Muuzaji yeyote anayekataa kamera yako ivae objektifu yake kwa nusu saa, muage kwa heshima. Tuliwasha tochi ya simu tukaipitisha ndani ya vioo kutafuta utando wa kuvu, maana baridi na unyevu wa huku unaupenda sana. Tukiona nyuzi kama za buibui, tunaondoka. Tulipiga ukuta wa matofali kwa f/4 na kulinganisha pembe nne. Tulibonyeza nusu kifyatuo na kusikiliza: IS inatoa sauti ndogo ya kuamka, kisha picha kwenye tundu la kutazamia inatulia kama imekamatwa. Nilimwambia apige kwa 1/40 kwenye 200, picha kumi, mikono tu bila kuegemea. Saba zilikuwa safi. Tuliomba bei ishuke juu ya kofia ya mbele iliyopasuka, akatupunguzia dola 30. Hizo 30 zilinunua filta na sanduku la plastiki lenye mfuniko mgumu, ndani vipakiti vya kukausha unyevu.

Amefanya kolasyo mbili na ndoa tatu tangu siku ile. Picha za dansi bado zinamtesa. Anapiga kwa flashi aliyoazima kwangu, akiielekeza juu kwenye dari nyeupe, na dari isipokuwa nyeupe anarudi kwa 18-55 na kusogea karibu na watu. Mteja mmoja alilalamika juu ya picha za usiku, akamrudishia dola 10. Kwenye likelemba amebakiza miezi 6, na tarehe ya kutetea memwari imetangazwa.