Mshambulizi Mpya na Kivuli cha Aliyeondoka

Kila mwanzo wa mwaka, timu za hoki za shule zetu za sekondari hujikuta na pengo. Mshambulizi aliyekuwa tegemeo amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne na kwenda zake, na nafasi yake hukabidhiwa kijana wa kidato cha pili au cha tatu. Nimesimama kando ya viwanja vya Kitui na Makueni, vumbi jekundu likitutimka, nikasikia hukumu ikitolewa hata kabla ya mechi ya tano: "Huyu hafikii hata nusu ya yule!" La kusikitisha ni kwamba aghalabu wanaohukumu ni sisi walimu.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme aliyeondoka alifunga mabao 12 katika mechi 8. Mrithi wake amefunga 2 katika mechi 4. Anayekokotoa harakaharaka atasema kwamba kijana atamaliza na mabao 4, yaani thuluthi tu ya mtangulizi wake. Hesabu ni sahihi, ila swali ndilo lenye kasoro.

Tuwaulize wafuasi wa timu: yale mabao 12 yalipatikanaje? Katika mchezo wa magongo, bao halipatikani katika mchezo wa kawaida peke yake. Ipo pia kona ya penalti, ambapo walinzi watano tu, kipa akiwemo, husimama nyuma ya mstari wa lango kusubiri mpira uchezwe. Ipo na penalti yenyewe. Ikiwa mabao 7 ya yule nyota yalitokana na mapigo hayo, basi katika mchezo wa kawaida alifunga 5 tu. Kijana wetu, ambaye hajaruhusiwa kupiga kona hata moja, anaelekea kwenye 4. Tofauti baina yao ni bao moja, si manane! Yale 7 yaliyosalia ni deni la timu nzima, na ni juu ya mwalimu kuamua atakayelilipa.

Hata hivyo, mechi 4 ni chache mno. Mkulima wa Ukambani hakadirii mavuno kwa manyunyu ya siku mbili za Novemba, wala hang'oi mahindi kwa sababu mawingu yamechelewa wiki moja. Vivyo hivyo, hatuna budi kuuliza kijana alikutana na wapinzani gani, alicheza dakika ngapi, na alipokea pasi ngapi karibu na lango.

Tukumbuke pia kwamba Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la hoki kule Barcelona mwaka 1971, na miongoni mwa majina makuu ya enzi hiyo ni Avtar Singh Sohal, aliyeshiriki Olimpiki nne tangu 1960 hadi 1972. Yeye alikuwa mlinzi.

Walimu wenzangu, tuwe na daftari kando ya uwanja, na tuwaachie wanafunzi wa hisabati kazi ya kulijaza. Tusipofanya hivyo, tutamvunja moyo mtoto ambaye kosa lake ni kuja baada ya mwingine. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kwamba atapona siku iyo hiyo.