Kuzuru Msitu wa Mto Lingadzi Mjini Lilongwe

Mara nyingi katika gazeti letu tumesoma habari za mashindano ya mpira, za michezo ya kuigiza, na za wenzetu waliofaulu mitihani. Safari hii nimeagizwa na mwalimu wetu wa Kiswahili niandike jambo ambalo msomaji aweza kulitumia hata baada ya kulifunga gazeti. Basi nimechagua kueleza habari za msitu ulio katikati ya mji wa Lilongwe, kando ya mto Lingadzi: jinsi ulivyo, sababu ya kuwekwa kwake, na namna ya kuuzuru kwa faida.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu. Mimi nilikulia Area 25, upande wa kaskazini wa mji. Kutoka kwetu hadi msitu huo ni safari fupi ya minibasi, na nauli yake haikuwa ya kumshinda mtoto aliyejiwekea akiba. Lakini kwa miaka yote hiyo sikutia mguu humo hata mara moja. Kila mwaka nilisema, "Nitakwenda likizo ijayo." Mwaka 2023 ikatoka amri ya kuwataka wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini warudi kambi ya Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, nasi tukafunga mizigo yetu. Tangu hapo mtu wa kwetu akitaka kufika mjini yampasa kwanza apate karatasi ya ruhusa. Hivyo mahali palipokuwa karibu pakawa mbali kwa siku moja, ijapokuwa mto haukuhama. Sisemi hayo kwa kulalamika. Nasema ili wewe uliye karibu usifanye kama nilivyofanya mimi.

Mwezi wa Juni chama chetu cha wapenda maumbile kilipata nafasi ya kwenda, nasi wa kambini tukapata ruhusa zetu. Tuliondoka alfajiri, kwa baridi kali iliyotufanya tukae watatu watatu kama vifaranga. Tulipita Lumbadzi, penye uwanja wa ndege, kisha Kanengo, ambako hewa yote ilinuka tumbaku, kwa maana ndiyo majira ya mnada. Tulipopita Area 25 nilichungulia dirishani nione nyumba yetu ya zamani, lakini basi lilikwenda mbio, sikuiona.

Sasa nieleze mahali penyewe. Lilongwe ni mji wa pande mbili. Upande wa kusini uko mji wa zamani, wenye soko kuu na kituo cha mabasi. Upande wa kaskazini uko mji mpya, wenye ofisi za serikali juu ya kilima. Mji huo mpya ulijengwa makao makuu yalipohamishwa kutoka Zomba, jambo lililotimia mwaka 1975. Waliouchora hawakutaka kujaza nyumba kila mahali. Kati ya pande hizo mbili waliacha nafasi kubwa ya miti, na mto Lingadzi unapita hapo. Mtu akifuata Barabara ya Kenyatta kutoka mji wa zamani kwenda mji mpya, huona ghafula nyumba zimekwisha na miti imeanza. Hapo ndipo penyewe. Zamani palikuwa hifadhi ya mji tu. Baadaye sehemu yake ikafanywa kituo cha kuwatunza wanyama waliookolewa, kiitwacho kwa Kiingereza Lilongwe Wildlife Centre.

Mgeni akiingia hapatwi na mshangao mara moja. Miti yake ni ile ile ya miombo aliyoizoea, na vumbi ni lile lile. Lakini baada ya hatua mia mbili sauti ya magari hupungua, ndege huanza kusikika, na mtu hujikuta anasema polepole bila kuambiwa. Ukingoni mwa mto miti ni mirefu zaidi na kivuli chake ni kizito. Maji yenyewe wakati wa kiangazi si mengi, lakini wakati wa mvua, kuanzia Novemba hata Aprili, hujaa na kwenda kwa nguvu. Lingadzi huingia katika mto Lilongwe, nao Lilongwe huingia katika Linthipe, na Linthipe humwaga maji yake katika Ziwa Malawi. Kwa hiyo tone linalopita hapo mbele yako lina safari ndefu.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mpole aliyesema Kichewa kwa taratibu ili sote tumfuate. Hapo pakatokea kichekesho ambacho sharti nikisimulie. Tulikuwa tumesimama karibu na maji, naye akasema kwamba katika vichaka vile mna mamba. Wenzetu waliotoka Kongo na Burundi waliposikia hivyo waliruka nyuma wote kwa pamoja, wakaukimbia mto na kujitupa vichakani. Kiongozi akapiga kelele, nasi tuliojua Kichewa tukacheka mpaka machozi. Maana Mswahili akisema mamba ana maana ya yule mnyama wa majini, lakini kwa Kichewa mamba ni nyoka mkali, na yule wa majini huitwa ng'ona. Basi wenzetu walikuwa wamelikimbia neno la Kiswahili na kuliingilia neno la Kichewa! Bahati njema nyoka hakuwako. Lakini ng'ona wako kweli katika mto huo, na saa ile ile tulimwona mmoja amelala mchangani ng'ambo, kinywa wazi, anaota jua. Kwa sababu hiyo hairuhusiwi kabisa kuteremka majini, hata kunawa miguu.

Fisi hatukumwona, kwa kuwa yeye hutembea usiku. Huyu jina lake ni moja kwa Kichewa na kwa Kiswahili. Watu wengi hawajui kwamba Lilongwe una fisi wa porini wanaoishi ndani ya mji, wakipita usiku kando ya mito na kula mizoga na mabaki ya nyama. Tulipokuwa Area 25 tuliwahi kusikia sauti zao, na mama alituambia ni wachawi. Sasa nimejua ni wafagiaji.

Tukafika penye vizimba. Hapa ndipo nilipotambua kwamba nilikuja na fikira isiyo sahihi. Nilidhani nakwenda kuona wanyama waliokamatwa porini wakawekwa ili watu wawatazame. Kumbe ni kinyume chake. Kituo hiki hakinunui mnyama, wala hakiuzi, wala hakiwazalishi wanyama wake wapate kuongezeka. Waliomo wameletwa kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuwaharibia maisha. Tumbili mmoja alikuwa amefungwa kamba kiunoni tangu utoto, mlangoni pa duka, wanunuzi wapate kucheka. Wengine mama zao waliuawa katika mashamba ya mahindi, au kwa ajili ya nyama, watoto wakachukuliwa wauzwe barabarani. Pia huletwa komba, mondo, ndege, na kakakuona walionyang'anywa wafanya biashara ya magendo.

Je, hufanywa nini nao? Kiongozi alitueleza hatua kwa hatua, na mimi nitaeleza kwa mfano wa tumbili. Akiletwa, kwanza hutengwa peke yake, apimwe na kutibiwa, asije akawaambukiza wenzake. Akiwa mchanga hunyweshwa maziwa kwa chupa. Lakini hakai mikononi mwa watu siku nyingi, kwa maana akizoea watu ameharibika. Hutafutiwa tumbili jike mzima akubali kumlea. Kisha huingizwa katika kundi, na humo hufundishwa na wakubwa wake mambo ambayo mtu hawezi kumfundisha: nani wa kumheshimu, lini akimbie, na mlio gani ni wa hatari. Kundi likiisha kushikamana, hupelekwa porini lote pamoja na kuachwa huru. Hifadhi ya Taifa ya Kasungu ni mojawapo ya mahali walikopelekwa. Nilitia moyoni maneno hayo mawili, lote pamoja. Tumbili mmoja akirudishwa peke yake hawezi kuishi.

Wako pia wasioweza kurudi kamwe. Kiongozi alitusimulia habari za simba jike aliyeitwa Bella. Huyu aliletwa mwaka 2009 kutoka bustani ya wanyama nchini Romania, naye alikuwa na jicho moja tu. Alitua Malawi, akakanyaga majani ya Afrika na kuota jua lake, akakaa hapo kituoni ndani ya wigo mpana miaka mingi. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza akauliza, "Bwana, ikiwa amekwisha kurudi Afrika, kwa nini hakufunguliwa aende porini?" Kiongozi akajibu kwamba simba aliyekulia kizimbani hakupata wa kumfundisha kuwinda. Akasema kuwa kufika katika nchi ni jambo moja, na kujua kuishi ndani yake ni jambo lingine.

Wengi wetu tulinyamaza. Mimi nilizaliwa hapa Malawi, na wazazi wangu ni watu wa Bukavu. Kongo naijua kwa masimulizi ya jioni, na kila mwaka nyumbani kwetu husemwa, "Tutarudi." Siku ile niliona kwamba sijawahi kujiuliza nitakaporudi nitajua nini. Tangu hapo nimeanza kumwuliza baba mambo: majina ya mazao ya kwao, namna ya kulima mlimani, na adabu za kumwamkia mzee. Naye amefurahi kuliko nilivyotazamia.

Sasa nirudi mtoni, kwa maana liko jambo la kutia huzuni. Penye mapindo ya mto tuliona chupa na mifuko ya plastiki imenasa katika mizizi na matete. Hakuna mgeni aliyezitupa pale. Zililetwa na maji kutoka mitaa ya juu. Mtu hutupa mfuko mferejini wakati wa kiangazi, akausahau. Mvua ya kwanza huuchukua hadi kijitoni, na kijito hadi Lingadzi. Wengine wetu tuliotoka mjini tulitazamana, kwa kuwa tulijua mikono ya nani ilifanya hivyo.

Hapa ndipo ionekanapo faida ya msitu kwa mji wote, hata kwa mtu asiyejali wanyama. Mizizi ya miti huzuia ukingo usimomonyoke. Majani yaliyoanguka hunywa maji ya mvua na kuyaachia polepole, hivyo mafuriko hupungua nguvu na mto haukauki upesi. Kivuli hulinda maji yasipate moto wa jua, nao samaki hupata pa kuzalia. Mahali miti ilipokatwa na watu kulima mpaka ukingoni, mto huwa mpana, wenye matope, usio na kina. Anayetaka kuamini haya asiende mbali. Asimame juu ya daraja na kutazama pande mbili, upande wenye miti na upande usio nayo.

Kwa yeyote atakayekwenda, haya yatamfaa. Uliza kabla siku na saa za kuingia. Wanafunzi waende na mwalimu, kwa maana vikundi vya shule hupewa mafundisho yao. Nenda asubuhi, wanyama wanapokuwa macho. Vaa viatu, wala si kandambili. Mfuate kiongozi wala usiiache njia. Usimpe mnyama chakula hata akikunyoshea mkono, kwa kuwa tumbili aliyezoea kupewa karanga na watu hawezi tena kurudi kwao. Utakuwa umemfunga kamba ya pili. Usipige kelele wala kugonga wigo. Ulichoingia nacho, toka nacho. Na ukiwaona watu wanauza mtoto wa tumbili au kakakuona kando ya barabara, usinunue hata kwa huruma. Ukinunua mmoja, muuzaji ataingia porini kuwatafuta wawili. Afadhali utoe habari kwa idara ya wanyama pori au kwa polisi.

Ninyi mliomaliza shule, ambao wengi wenu sasa mna kazi Lilongwe, mnapita Barabara ya Kenyatta kila siku mkitazama saa. Tafadhali siku moja ya Jumamosi shukeni hapo pamoja na watoto wenu. Na ninyi wenzangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu, mwaka ujao chama kitaomba ruhusa tena. Anayetaka kwenda aandikishe jina lake mapema, kwa maana karatasi za kambini huchukua siku.

Jioni tuliporudi, basi lilipita tena Area 25. Safari hii dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya msongamano, nami nikaiona nyumba. Wamepaka rangi mpya, na mwembe alioupanda mama umezidi kimo cha paa.