GPS haijafa, ni namba tu: Arc 1960 na WGS84 huku Kasulu na Kibondo

Wadau, hii ni kwa wale wanaochukua pointi za GPS huku kwetu halafu wanakuja kafe kuziweka kwenye ramani. Juzi jamaa mmoja alinionyesha visima vya kijiji chao. Kaviweka juu ya ile ramani ya zamani ya 1:50,000 na vyote vimeshuka kusini, hakuna hata kimoja kilichokaa mahali pake. Akasema GPS imekufa. Haijafa jamani.

Iko hivi. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Ili uipe kila sehemu namba, kwanza mkubaliane umbo la dunia na pa kuanzia kupima. Makubaliano hayo ndo yanaitwa datamu. Ramani zetu za zamani zinatumia Arc 1960, iliyojengwa juu ya umbo alilokokotoa Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. GPS inatumia WGS84 ya Wamarekani. Kisima ni kilekile, ila kina namba mbili.

Na hilo jina Arc lina historia ya hukuhuku. Mwishoni mwa karne ya 19 David Gill, mwanafalaki wa Cape, alitaka upimwe mnyororo wa pembetatu toka Afrika Kusini mpaka Misri kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Pengo la mwisho, kule Sudan, lilizibwa 1954. Mstari wenyewe wa nyuzi 30 unapita kama kilometa kumi tu magharibi ya Kasulu mjini!

Sasa tofauti ni kiasi gani? Kwa namba za UTM ni kama mita 300 kaskazini-kusini, na mita 70 hadi 80 mashariki-magharibi. Ukitoa namba kwenye ramani ya Arc 1960 ukaingiza kwenye GPS iliyosetiwa WGS84, itakupeleka mita 300 kaskazini ya unapopataka. Utasema si kitu, unatembea tu. Haya, chukua mpaka wa kijiji na msitu wa hifadhi, tuseme kama Makere Kusini. Mpaka wa kilometa moja unaoenda mashariki-magharibi ukisogea mita 300 ni hekta 30, yaani zaidi ya ekari 70. Hayo ni mashamba ya familia ngapi? Mtu anaweza kuambiwa kavamia hifadhi kumbe hajavuka hata hatua moja.

Kuna na mtego wa pili. Huo mstari wa nyuzi 30 ndo mpaka wa kanda za UTM. Kasulu mjini na Kibondo ziko kanda ya 36 kusini, Manyovu na Kigoma mjini ziko 35. Angalia namba ya mashariki: ikiwa laki moja au mbili na kitu uko 36, ikiwa laki saba au nane uko 35. Pointi ya Manyovu ukiisoma kama ya 36 inaruka zaidi ya kilometa 600, inatua kati ya Kondoa na Babati. Mimi hilo silihofii, utacheka na kurekebisha. La mita 300 ndo baya, maana linafanana na ukweli.

Dawa yake: pakua QGIS, ni ya bure. Fungua pointi zako na uiambie zilikotoka. Kama GPS ilitoa nyuzi, ni 4326. Kama ilitoa UTM ya WGS84, ni 32736 kwa kanda ya 36 na 32735 kwa ya 35. Za Arc 1960 ni 21036 na 21035. Halafu sasa ndo ubadilishe, kwa "Reproject Layer". Wengi wanabonyeza "Set Layer CRS" wakidhani wamebadilisha. Wapi! Hiyo inabandika lebo tu, namba zinabaki zilezile. Ni kama kuandika "sukari" kwenye kopo la chumvi.

Programu ikikuuliza utumie hesabu ipi, chagua ya Tanzania: -175, -23, -303. Ya Kenya ni -157, -2, -299, na ipo ya wastani wa nchi zote mbili, -160, -6, -302. Ukikosea hapo unapotea mita chache hadi ishirini hivi. Na hata hiyo ya Tanzania ina wasiwasi wa mita kadhaa, kwa hiyo kwa kisima au shule inatosha, ila kwa jiwe la kiwanja usithubutu, mwite mpima aliyesajiliwa. Siku hizi ukipewa kazi iliyoandikwa TAREF11, huo ni mfumo mpya wa taifa, uko karibu sana na WGS84, usiuchanganye na Arc.

Kabla ya kupeleka ramani kwa mwenyekiti wa kijiji, chukua pointi ya kona ya kanisa, msikiti au daraja linaloonekana kwenye ramani, uone kama inakaa juu yake. Mwenye pointi zinazogoma aseme hapo chini, ataje kanda na datamu.