JIWE LA NANGA NA NGUVU YA MAJI

MWALIMU: Natumaini mmekwisha kukaa, na mezani mnayo ndoo ya maji, jiwe, na kamba. Kama mna mizani ya kuning'iniza, ni vizuri. Kama hamna, mkono utatosha.

Somo la leo linaanzia katika mtumbwi. Mvuvi anavuta nanga yake ya jiwe. Ameinama nje ya ubavu wa mtumbwi, naye anavuta haraka ili awahi nyumbani. Chini ya maji jiwe linakuja bila taabu. Lakini linapotokeza nje ya maji, ghafula linakuwa zito. Mtumbwi unalala upande, maji yanaingia, na mvuvi anatumbukia. Je, jiwe limeongezeka? La. Basi ni nini?

Funga jiwe lako kwa kamba, ulishushe katika ndoo, kisha ulinyanyue polepole mpaka litoke. Mkono wako umesikia tofauti? Sasa tufanye hesabu.

Tuseme jiwe la mvuvi lina uzito wa kilo 26, na ukubwa wake ni lita 10. Likizama lote katika maji ya ziwa, linasukuma kando lita 10 za maji. Lita 1 ya maji hayo ina uzito wa kilo 1. Basi maji yaliyosukumwa kando yana uzito wa kilo 10. Shikeni kanuni hii: maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando na kitu hicho. Aliyeieleza kanuni hii ni Archimedes wa mji wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Sasa jiwe limetua chini kabisa, na kamba imelegea. Ni nani anayelibeba? Hapa studio tunaye mzee mmoja mwanafunzi. Haya, mzee wangu.

MZEE: Mwalimu, si limebebwa na ardhi?

MWALIMU: Ndiyo, lakini ardhi haibebi peke yake. Maji yanabeba kilo 10, na ardhi inabeba 16. Jumla ni 26. Ukivuta kamba kwa nguvu ya kilo 6, ardhi inabakiwa na 10. Ukifikisha 16, ardhi haibebi kitu tena, na ukizidisha kidogo tu jiwe linanyanyuka. Likitoka majini, maji nayo yanaacha kubeba. Mkono wako unachukua kilo zote 26.

MZEE: Na likiwa limezama katika matope? Hapo halitoki kabisa!

MWALIMU: Umeuliza vema. Maji hukandamiza kitu kutoka kila upande, na kadiri kina kinavyozidi, ndivyo yanavyokandamiza zaidi. Chini ya jiwe kina ni kikubwa kuliko juu yake, kwa hiyo msukumo wa kwenda juu unashinda. Lakini jiwe likishikwa na matope, ukilivuta kwa kishindo, maji hayawahi kuingia chini yake. Ya juu yanaendelea kukandamiza, nayo matope yanalishika. Basi livute kwa upole, mara upande huu, mara upande ule, mpaka maji yapenye.

MZEE: Na mashua iliyokwama mchangani maji yakipwa?

MWALIMU: Hesabu ni ile ile. Tuseme mashua na mizigo yake ni kilo 900, na maji yaliyobaki yanabeba 600. Mchanga unabeba 300. Mwenye mashua ana njia mbili: apakue zaidi ya kilo 300, au angoje maji yajae.

Sasa turudi kwa mvuvi wetu, kwa maana maisha ya mtu ni makubwa kuliko nanga. Kwanza, asiiname nje. Apige magoti katikati ya mtumbwi. Pili, jiwe likikaribia uso wa maji, apumzike kidogo, ajiweke sawa. Tatu, kama wako wawili, mmoja avute, na mwenziwe akae upande wa pili ili mtumbwi usilale. Aliyejua kwamba zile kilo 10 zinakuja hashtuki zinapofika.

Andikeni katika daftari maneno haya: NANGA, UZITO, MSUKUMO, KINA. Kisha jibuni swali hili: jiwe la kilo 39, ukubwa wake lita 15, limetua chini ya maji ya ziwa, na hapana matope. Ardhi inabeba kilo ngapi?

Wakati wetu umekwisha. Aliyepata kilo 24 amefahamu somo. Aliyekosa amwulize mwenziwe aliye karibu. Kwaherini.